Kihamba Kisiuzwe kwa Ada ya Mwaka wa Kwanza

Maneno haya niliyasema Desemba 2025, Moshi mjini, mbele ya wazazi na wanafunzi wa kidato cha sita waliokuwa likizo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila baadhi ya tarakimu nimezieleza zaidi kwa sababu ziliulizwa sana.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, walimu wenzangu, nawasalimu. Na ninyi vijana mliosimama mlangoni, njooni mbele, viti bado vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kusoma nje ya nchi: gharama zake, maisha ya huko, na ufadhili unavyopatikana. Nitayagusa yote matatu. Lakini naanza na jambo lililonileta hapa, kwa sababu msimu wake ndio huu. Krismasi imefika. Magari ya Dar yameshaanza kupanda mlima. Ndugu watafika Kibosho, Uru, Marangu, Machame, Rombo. Mbuzi atachinjwa, na watu wakishakula, ukoo utakaa kikao. Kwenye vikao hivyo ndiko huamuliwa mtoto gani asomeshwe wapi na nani achangie nini. Na siku hizi, katika baadhi ya vikao, kuna sentensi inayosemwa ambayo babu zetu hawakuisema: tuuze kipande cha kihamba, shamba letu la urithi, mtoto amepata chuo nje.

Ombi langu kwenu ni moja. Kihamba kisiuzwe kwa ajili ya ada ya mwaka wa kwanza.

Sisemi mtoto asiende. Mimi mwenyewe nilikwenda Ujerumani kusoma shahada ya pili, nikiwa na ufadhili, na elimu ile ndiyo inayonilisha hadi leo. Ninachosema ni kwamba shahada ya kwanza ni miaka mitatu au minne, udaktari ni mitano au sita, na mnunuzi wa kihamba analipa mara moja tu. Iko familia ninayoifahamu, siitaji, iliyouza shamba la migomba na kahawa ili kijana wao aende kusomea udaktari. Mwaka wa kwanza ada ikalipwa yote, sherehe ya kumuaga ikafanyika. Mwaka wa pili dola ikapanda, baba akaugua, ada ikakwama, chuo kikamzuia kufanya mitihani. Kijana alirudi bila cheti na ukoo ukabaki bila shamba. Alikuwa na akili za kutosha. Hesabu haikupigwa hadi mwisho, basi.

Kwa hiyo tupige hesabu leo, pamoja, hadi mwisho.

Kwanza tutenganishe karatasi mbili ambazo wazazi wengi wanazichanganya. Barua ya udahili inasema chuo kimemkubali mwanao. Haisemi nani atalipa. Barua ya ufadhili ndiyo inayosema nani atalipa, analipa nini, na kwa muda gani. Mwanao akija na barua akasema amepata skolashipu, mwambie aisome kwa sauti, ukitafuta vitu vinne: ada, malazi, chakula, tiketi. Kipo kinachoitwa ufadhili wa nusu, vyuo vingi binafsi vya nje vinautangaza sana. Chuo kinachotoza dola 10,000 kwa mwaka kikikupunguzia nusu, bado una dola 5,000 za kulipa, na hujala, hujalala, hujapanda ndege.

Sasa Ujerumani, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa karibu na ndiyo inayotajwa sana kwamba ni bure. Ni kweli, vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi ada, hata kwa mgeni. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti: tangu 2017 linawatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kila muhula. Na chuo kikuu cha ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza wageni. Kwingineko utalipa mchango wa muhula, kati ya euro 100 na 400 hivi, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya mabasi na treni.

Basi kama ada hakuna, kwa nini watu wanakwama? Wanakwama kwenye akaunti iliyofungwa, ile wanayoiita Sperrkonto. Ubalozi haukupi viza mpaka uonyeshe kwamba una hela ya kuishi mwaka mzima, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni 30, na inatakiwa yote kwa pamoja, kabla hujaondoka. Hapa nisikilizeni vizuri, maana kuna wazazi wamekata tamaa wakidhani hiyo ni ada. Hela hiyo ni ya mtoto wenu. Anaiweka mwenyewe, ikifungwa, kisha akifika anafunguliwa euro 992 kila mwezi, kama vile umemwachia shangazi yake hela ya matumizi ampe kidogo kidogo asije akaimaliza Januari. Na mwenye ufadhili kamili hahitaji akaunti hiyo. Barua ya mfadhili inatosha.

Euro 992 kwa mwezi zinaenda wapi? Chumba kwenye hosteli ya wanafunzi, katika mji wa kawaida, ni euro 250 hadi 400. Munich ni zaidi, na vyumba vyenyewe vinagombewa, kwa hiyo unaomba siku ileile unayopata udahili. Bima ya afya ya mwanafunzi ni kama 140, na hiyo ni lazima, bila bima husajiliwi chuoni. Kuna mchango wa redio na televisheni wa euro 18.36 ambao kila nyumba inalipa hata kama haina televisheni. Wageni wengi wanaipuuza ile barua ya kwanza, na deni linajikusanya. Chakula ukipika mwenyewe, 200 zinakutosha. Ukila nje kila siku, hazitoshi hata wiki mbili.

Jambo la mwisho kuhusu Ujerumani, maana vijana wananiuliza: shahada ya kwanza huko kwa sehemu kubwa hufundishwa kwa Kijerumani. Kozi za Kiingereza zimejaa zaidi kwenye shahada ya pili. Na chuo kitaangalia kama cheti chako cha kidato cha sita kinakuingiza moja kwa moja, au upite kwanza mwaka wa maandalizi. Maombi mengi yanapitia ofisi moja iitwayo uni-assist, inayotoza euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila chuo kinachofuata. Kwa hiyo usiombe vyuo kumi kwa kubahatisha.

Uingereza ni hesabu ya aina nyingine. Ada ya shahada ya pili kwa mgeni, kwa vyuo vingi, inaanzia pauni 15,000 na kupanda. Juu ya ada, tangu Novemba 2025 lazima uonyeshe pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi ukiwa nje ya London, au 1,529 ukiwa London, kwa miezi tisa. Hiyo ni pauni 10,539 au 13,761. Ongeza pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka, ada ya viza na kipimo cha kifua kikuu. Na fedha hiyo iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Kuna mtindo wa kuazima hela kwa ndugu, kuipitisha kwenye akaunti, kuchukua taarifa ya benki kisha kuitoa. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanatengeneza taarifa ya uongo. Wazazi, anayekamatwa na karatasi ya uongo anaweza kufungiwa viza ya Uingereza miaka kumi. Kijana wa miaka ishirini anafungiwa hadi thelathini kwa sababu ya karatasi aliyochapishiwa stendi.

Nasikia mtu anasema, atafanya kazi huko. Atafanya, ndiyo. Uingereza inamruhusu mwanafunzi wa shahada saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ujerumani, tangu 2024, ni siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, na mshahara wa chini kisheria mwaka huu wa 2025 ni euro 12.82 kwa saa. Ni hela nzuri. Lakini angalia inakuja lini. Ubalozi unataka kuona fedha kabla hujapanda ndege. Mshahara unakuja baada ya kufika, kusajili anwani, kufungua akaunti, kupata namba ya kodi, kutafuta kazi bila lugha. Miezi mitatu ya kwanza hesabu kwamba hakuna kazi. Na kazi zenyewe ni kuosha vyombo, kupanga mizigo ghalani usiku, kusafisha ofisi alfajiri. Hakuna aibu hata kidogo, nami nimezifanya. Ila mtu anayefanya kazi usiku ili alipe ada, asubuhi anasinzia darasani, na akifeli, viza yake nayo inatikisika. Kazi iwe ya kuongezea mboga, isiwe ndiyo ada.

Sasa maisha. Baridi ninyi wa huku mnaijua, Julai ya Marangu si mchezo, lakini kule ni miezi mitano na jua linazama saa kumi jioni. Koti la baridi usiende kununua huko kwa euro 150. Nenda Memorial, soko letu la mitumba hapa mjini. Yale makoti mazito ya mitumba ambayo hapa hayana mnunuzi, yametoka hukohuko na ni imara. Lichague lenye zipu nzima na kofia, uligeuze uangalie bitana ndani, chini ya kwapa, ndipo yanapochanikia. Chukua na viatu vya kuzuia maji. Unga wa ugali utaupata kwenye maduka ya Waafrika na Waasia, ghali kidogo; wengi tulikula wali na maharage zaidi kuliko tulivyokula nyumbani.

Upweke ni mzito kuliko baridi, na wazazi hamuusikii kwa sababu mtoto anapopiga simu anatabasamu. Mwanafunzi wa kwetu amezoea bweni la watu wengi, salamu asubuhi, mtu akiumwa anapelekewa uji. Kule unaweza kukaa Jumamosi na Jumapili bila mtu kukuita jina. Ninachowaomba, msimpigie tu kumuuliza mitihani au kumwomba hela ya bati za nyumba ya bibi. Muulizeni amekula nini na nani. Na wewe kijana, wiki ya kwanza tafuta Watanzania walioko mji huo, tafuta kanisa au msikiti, kisha jisajili ubalozini kwetu. Hilo la ubalozi watu wanalidharau mpaka siku ya siku. Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, serikali iliwarudisha Watanzania waliokuwa huko, wengi wao wanafunzi. Ubalozi unaanza kumtafuta mtu aliyeko kwenye orodha.

Nije kwenye ufadhili, na hapa ndipo nataka vikao vya ukoo vibadilishe mpango. Fedha nyingi za ufadhili kamili duniani zimewekwa kwenye shahada ya pili, si ya kwanza. Chevening ya serikali ya Uingereza, iliyoanza 1983, ni ya shahada ya pili ya mwaka mmoja. Inalipa ada, tiketi, viza na posho, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka miwili. DAAD, shirika la ufadhili la Wajerumani, ambayo mwaka huu imetimiza miaka 100, ina kozi za maendeleo zinazotaka nazo miaka miwili kazini, na shahada yako ya kwanza isiwe imezidi miaka sita. Watu wanaisahau hiyo sita. Wanakumbuka kuomba mwaka wa saba. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Kuna Mastercard Foundation, ambayo tangu 2012 inasomesha vijana wa Kiafrika kupitia vyuo kama Edinburgh, Makerere, na Carnegie Mellon ya Kigali.

Na msidharau karibu. Kutoka hapa, mpaka wa Kenya wa Holili ni jirani, na ule wa Namanga unafika asubuhi. Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika kina taasisi yake ya sayansi na teknolojia ndani ya chuo kikuu cha JKUAT, Kenya, na kinafadhili kikamilifu shahada ya pili na ya tatu. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, limekuwa likisimamia ufadhili wa shahada ya pili kwa fedha za Wajerumani, ambapo unasoma katika nchi nyingine ya Jumuiya yetu. Hizo nafasi hazina baridi na hazina Sperrkonto.

Kwa hiyo, kwa mtoto wa kawaida mwenye ufaulu mzuri, njia ninayoishauri ni hii: shahada ya kwanza nyumbani, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na bumu lake, yaani posho ya kujikimu, na aliyeng'ara kwenye sayansi aangalie Samia Scholarship, ufadhili wa serikali yetu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Akimaliza, afanye kazi miaka miwili, hata ya kujitolea yenye barua. Kisha aende nje akilipiwa kila kitu, akiwa mtu mzima anayejua anachokifuata. Kihamba kinabaki mahali pake, migomba inaendelea kuzaa.

Lakini kwa wale mnaotaka kuondoka mapema, nafasi zipo, chache na ngumu. Serikali ya China inatoa ufadhili wa shahada ya kwanza wenye ada, malazi, bima na posho ya yuan 2,500 kwa mwezi; kozi ikiwa ya Kichina unaanza na mwaka wa lugha. Hata udaktari unaofundishwa kwa Kiingereza, kumbuka mgonjwa wodini anaongea Kichina. Japani, kupitia ubalozi wake, inatoa ufadhili wa MEXT: ada, tiketi za kwenda na kurudi, na yen 117,000 kwa mwezi. Uturuki hufungua maombi yake Januari na kufunga Februari, maana yake ni mwezi ujao. Marekani kuna vyuo vichache vinavyoangalia kwanza uwezo wako wa akili, kisha vinajaza pengo lote la fedha la familia yako, ila masharti ya viza zake kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo ulizeni ubalozini kabla ya kutumia hata senti.

Na kuna mlango ulio hapahapa ambao watu wa Moshi wanaupita kila siku. UWC East Africa, ile iliyokuwa International School Moshi, ina kampasi hapa na nyingine Arusha. Wazazi wanaiona kama shule ya Wazungu na matajiri. Lakini UWC ni mtandao wa shule 18 duniani, na nchi zina kamati zinazochagua vijana wa miaka 16 hadi 19, wengine kwa ufadhili kulingana na hali ya familia. Anayehitimu UWC anaweza kuingia kwenye mpango wa Davis, ulioanza 2000, unaowasaidia wahitimu hao kulipiwa katika vyuo vingi vya Marekani. Kama una mdogo wako aliye kidato cha nne, na ana kichwa na moyo wa kuwasaidia watu, mwambie leo.

Sasa mawakala wanaotafutia watu vyuo vya nje. Wapo waaminifu, na wapo waliowaliza watu. Kabla ya kutoa hela, nenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uliza mambo mawili: je, wakala huyu amesajiliwa, na je, chuo hiki shahada yake inatambuliwa? Mtoto akirudi na shahada isiyotambuliwa, haajiriki serikalini. Daktari aliyesoma nje atakutana pia na Baraza la Madaktari na mtihani wake. Na mkariri hili: Chevening, DAAD, China, Japani, Uturuki, hakuna hata mmoja anayekuomba umtumie hela kwa simu ili akupe ufadhili. Anayeomba "ada ya kufungua faili" kwa M-Pesa, kata simu.

Kuhusu insha ya maombi nitasema kidogo tu. Msiandike kwamba mmezaliwa katika familia maskini, mkaishia hapo. Wanaosoma maombi wanasoma maelfu ya namna hiyo. Kijana wa Himo aandike jinsi mfereji wa kijiji chao ulivyokauka, nani alikosa maji, yeye alifanya nini, na kozi anayoiomba itamfundisha nini ambacho hakijui kuhusu mfereji huo. Kama hujafanya kitu bado, una miezi ya kufanya. Barua za mapendekezo nazo ombeni mapema. Mwalimu anayeombwa leo kwa ajili ya kesho ataandika mistari mitatu.

Namalizia na karatasi, na ndiyo kazi ya leo mchana. Wengi hawaangushwi na akili wala fedha, wanaangushwa na jina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Aloyce, cheti cha NECTA kinasema Aloys, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo halipo popote. Ubalozi unaona watu watatu. Jina la kidato cha nne ndilo linalokufuata kidato cha sita hadi chuo, kwa hiyo vingine vyote vilinganishwe nalo, na pasipolinganika wakili aandae kiapo cha majina kabla hujaomba pasipoti. Pasipoti ni shilingi 150,000 na inaishi miaka kumi. Ikitoka na jina la makosa, unaanza upya.

Meza tatu ziko pale upande wa dirisha. Ya kwanza ni ya kulinganisha majina, njooni na vyeti vyote, nakala zinatosha. Ya pili ni ya hesabu: mzazi na mtoto mkae pamoja, mwandike kozi, miaka, na fedha ya kila mwaka hadi wa mwisho. Ya tatu ni ya walio na shahada tayari na wanataka kuomba mwaka ujao. Hao nitakaa nao mimi. Wanaowahi daladala za mwisho za Rombo waanze kuhudumiwa.